Ijumaa Mashine Ilipokosa Kazi

Siku yangu ya kwanza kazini, Mhandisi Mkuu alinikabidhi ufagio. Nilikuwa nimetoka Njombe na cheti changu cha kompyuta mkobani, nikidhani nitapewa kiti.

"Fagia kwanza, Ndugu Agnesi," alisema. "Mashine hii inaogopa mchanga wa Msimbati kuliko mimi ninavyomwogopa mama mkwe."

Ilikuwa miaka ya mwisho ya ujamaa, dizeli ikipatikana kwa kuvizia, na mradi wetu ulipima kina cha maji kwenye mlango wa Ruvuma. Kifaa kilichozamishwa karibu na ofisi kilituma kimo cha maji kwenye kompyuta. Mimi nilikisoma kwenye skrini, kisha kwa radio ya upepo nikamwambia Nahodha wa boti yetu kama anaweza kuvuka fungu la mchanga. Angevuka maji yamekupwa, boti ingekwama na mawimbi yangeipindua pamoja na watu wake.

Ijumaa moja mchana makarani watatu waliotumia kompyuta hiyohiyo walifunga programu zao wakaenda msikitini. Nahodha naye alikuwa anarudi mbio aiwahi sala.

"Binti, maji vipi?" aliuliza kwenye radio.

Skrini ilionyesha bado yanatosha kuvuka. Nilipotaka kumjibu, macho yakapita dirishani. Maji yalikuwa yamekupwa, ufukwe mweupe, mitumbwi imelala ubavu.

"Usivuke, Mzee! Subiri hukohuko!"

"Mashine imesemaje?"

"Imesema uvuke. Mimi nasema usivuke."

"Haya. Ila Ijumaa yangu unaibeba wewe."

Walingoja juani mpaka maji yakajaa.

Mhandisi Mkuu hakunikaripia. Aliuliza tu, "Wakati huo nani mwingine alikuwa anaitumia mashine?"

"Hakuna, Mzee."

Akapiga paja. "Basi mkosaji tumeshampata! Vuta kiti, mwanangu."

Nikueleze polepole, si jambo gumu. Kiini cha mfumo, yaani programu inayosimamia nyingine zote, kiliandika kimo cha maji mahali pamoja kwenye kumbukumbu. Mahali hapohapo palikuwa na anwani mbili: moja ya kiini, nyingine ya programu ya skrini. Katikati kuna kache, kumbukumbu ndogo yenye kasi, inayoweka nakala za vitu vilivyotumika karibuni. Kache yetu ilivitambua vitu kwa anwani, hivyo kimo kimoja kikapata nakala mbili. Kiini kiliposahihisha yake, ya skrini ilibaki ya zamani. Siku nyingine hatukuona kosa, kwa sababu programu za makarani zilijaza kache na kuzisukuma nje nakala zote mbili, skrini ikalazimika kusoma upya. Ijumaa hapakuwa na wa kuzisukuma.

Kwanza tulikiagiza kiini, kila kikiandika, kirudishe nakala yake kwenye kumbukumbu na kuifuta ile ya skrini. Ikawa sahihi, lakini mashine ikawa nzito. Ndipo tukachagua anwani nyingine ya skrini, ili zote mbili ziangukie chumba kimoja cha kache, kinachobeba nakala moja tu. Nakala ikabaki moja.

Ijumaa iliyofuata makarani walipoondoka, radio ikakoroma.

"Binti, leo anasema nani?"

"Mimi na mashine pamoja, Mzee. Vuka."

Nilikaa na kipaza sauti mkononi mpaka aliposema, "Tumevuka. Acha nikatawadhe." Mhandisi Mkuu alijifanya anasoma gazeti asinione ninavyofuta machozi.

Baadaye nilihamishiwa Dar es Salaam, nikafanya kazi chini ya wakurugenzi kadhaa, wapole na wakali. Sasa nimestaafu, naishi Mtawanya. Vijana huja kunionyesha programu zao, nami huwasifu kwanza, maana wanastahili. Kisha nawaomba waijaribu tena mashine ikiwa haina kazi nyingine yoyote, na wakati wanangoja jibu wamfikirie mtu mmoja wanayempenda, yuko majini, ameshika usukani, naye anangoja jibu hilohilo.