Mama Kyakimwa na kitabu kilichouzwa mwisho wake

Saa moja asubuhi, ukungu wa Butembo bado haujaamua kuondoka, na Mama Kyakimwa anatandika turubai lake kando ya soko. Vitabu anavitoa mfukoni kimoja kimoja, anavipangusa kwa upindo wa kikwembe. Noeli imekaribia, na wateja wameanza kuja kuuliza wasome nini wakienda likizo.

Wanapouliza, naye huuliza.

“Kwenu ku Noeli, ni nani atasikiliza?” anamwambia Timothée, kijana muuza simu anayepanda kwao Masereka kwa sikukuu.

“Mi njo nitasoma, mama.”

“Weye utasoma, mais benyi kusikiliza ni banani? Mu jiko ya Masereka mutu mumoja anasoma, bengine banachambua maharagi. Koko yako, mama ya baba yako, angaliko?”

“Angaliko. Mais anasikia kidogo.”

“Donc hapana beba hii ya mapendo, batu banasemea chini-chini. Beba hii ingine. Kila ukurasa kuko mutu anagombana.”

Timothée anacheka na kukichukua. Kukiazima mpaka Januari ni bei ya mikate minne ya mafuta, ile inayokaangwa njia panda. Kwa Mama Kyakimwa, mjane mwenye watoto watano, mikate hiyo ya Desemba ndiyo inayolipa karo ya muhula.

Mwandishi huyu alitaka kujua kipi anachokipenda kuliko vyote. Akatabasamu kama mtu aliyeulizwa habari za mchumba wa zamani, kisha akainua kitabu kisicho na jalada wala jina. Wateja wamekibatiza wenyewe: kitabu ya mulango.

Zamani aliuza karanga. Vitabu chakavu alivinunua vya kufungia tu, na kama wauza karanga wote, alichana kuanzia nyuma, kwa kuwa kurasa za mwisho ndizo zinazoachia upesi. Siku moja ya mvua hapakuwa na mnunuzi, akasoma ukurasa wa kwanza. Mchovya asali hachovyi mara moja. Jioni alikuwa amefika pale mama wa kwenye hadithi, ambaye mume wake alikwenda kutafuta chumvi asirudi, anasikia mlango unagongwa, anainuka kwenda kufungua.

Hapo kitabu kikaisha.

“Mwisho nilikuwa nimeuza na karanga!” anasema, akijipiga paja. “Nilizunguka soko yote, naomba batu makaratasi yao. Banafikiri ginsi gani? Mama amerukwa na akili.”

Hakuupata. Lakini karanga aliziacha, akaanza kuazimisha vitabu, na hicho kilichokatika akakipa sharti lake: ukikirudisha baada ya likizo, umwambie nani alikuwa mlangoni. Koko mmoja wa Lubero alisema ni mume, na chumvi ameilowesha mtoni, mjinga yule. Watoto wa Mavivi walisema ni mbuzi anagonga kwa pembe. Katekista alisema ni malaika, wajukuu wake wakamcheka mpaka akakubali ni mbuzi.

Mtu mmoja tu alikirudisha bila jibu. Ni Agar, mama wa Eringeti anayeishi Beni tangu walipokimbia vita. Mume wake, Mbusa, alirudi nyuma kufuata mbuzi zao, na mpaka leo hakuna aliyeleta habari zake. Likizo iliyopita Agar alikisoma mpaka pale mlangoni, akakirudisha na kumwambia, kama mtu na dada yake mkubwa, “Yaya, yangu mi ningali nangoja.”

Sasa sikiliza kilichotokea. Mwezi uliopita mteja mmoja alileta boksi la vitabu vya marehemu mjomba wake. Mama Kyakimwa akafungua kimoja chenye jalada la kijani, akasoma sentensi ya kwanza. Kilikuwa chenyewe, kizima. Akasoma mwisho wake amesimama vilevile, wauzaji wenzake wakimwona, kisha akakificha.

Kimefichwa hata asubuhi hii, chini ya paja lake, ndani ya kikwembe. Maana Agar hupanda Butembo kununua viazi vya kuuza Beni, na leo ni siku yake.

“Kila mutu nilimupatia kitabu yake,” ananong'ona. “Huyu njo ananishinda. Nikimupatia, nitamukatia roho. Nikimunyima, mi ni nani wa kumufungia mulango?”

Kabla ya saa nne Agar anafika, mwembamba, gunia la viazi kichwani. Hasalimii kwa kirefu.

“Yaya, banasema ulipata la fin, mwisho ya kitabu.”

Mama Kyakimwa anamwonyesha kitabu cha kuchekesha. Anamwonyesha cha mapishi. Agar anatikisa kichwa, anatua gunia lake, analikalia, ananyoosha mkono. Mwanamke aliyechagulia nusu ya mji vitabu anavirudisha vile viwili mahali pake. Anainua paja, anamkabidhi cha kijani.

Agar anasoma kurasa za mwisho midomo ikimcheza. Mama Kyakimwa anavipanga upya vitabu vilivyokwisha pangwa. Nami, nikiri, nilitamani kumpokonya.

“Ni jirani tu,” Agar anasema hatimaye. “Amekuja na kigae, anaomba kaa la moto.”

“Njo vile, mudogo wangu. Unisamehe.”

Agar anarudi ukurasa mmoja nyuma, anasoma tena. Machozi yanamtoka bila kificho, anayaacha yashuke.

“Yaya, umeona? Mvua imenyesha, moto ya bote imezimika. Huyu jirani amepita manyumba yote. Ni kwa huyu mama tu kulikuwa moto.” Anafunga kitabu. “Juu kila magaribi alikuwa anamuwashia bwana yake.”

Mama Kyakimwa ananiambia baadaye kwamba ameusoma mwisho ule mara nyingi na hakuwahi kuliona hilo. Yeye alikuwa anamtafuta mume tu.

Agar anaomba vitabu vyote viwili. Kwenye kiwanja wanachoishi Beni kuna familia nyingi zilizokimbia. Siku ya Noeli atawasomea kilichokatika, kila mtu aseme lake, ndipo afungue cha kijani. Mama Kyakimwa anakataa mikate yake minne. Mwaka mpya anataka kutandika turubai la pili huko Beni, na mtu wa kulikalia amempata, ingawa mwenyewe bado hajaambiwa.

“Mais weye hujanilipa ya mwaka jana,” anamkumbusha Agar, aliyekwisha jitwika gunia. “Ni nani alikuwa ku mulango?”

Agar anasimama, mkono mmoja kwenye viazi, mwingine kifuani penye vitabu.

“Sijuwe, yaya. Mais mi nitafungua. Ata kama haiko yeye, nitafungua.”