Mguu wa Kushoto wa Salma

Niliondoka Tanga kwa sababu mdogo wangu Hemedi alinipigia simu akasema, "Dada, njoo uzungumze na mwanao." Nyinyi wa nyumbani hamhitaji maelezo. Binti akiwa na jambo lililowashinda wazazi, huitwa shangazi, na shangazi akishasema, basi. Hemedi anaishi Penrith, ukingoni kabisa mwa jiji la Sydney, huko Australia. Binti yake, Salma, ana miaka kumi na saba, na alikuwa amekolewa na mpira wa kienyeji wa kule ambao mimi sikuwahi kuuona hata kwenye televisheni. Jumamosi ya wiki ile alikuwa na majaribio ya kuingia kikosi cha vijana cha jimbo zima. Baba yake alitaka auache, amalize mwaka wa mwisho wa shule kwa utulivu, asomee uuguzi. Neno hilo ndilo nililoitwa kwenda kulisema.

Sikuona ugumu wowote. Mimi ni mwalimu wa michezo wa shule ya msingi, mwaka wa ishirini na mbili huu, na timu yangu ya netiboli huichagua alasiri moja tu. Nachora mstari, napuliza kipenga, natazama saa yangu ya kupimia mbio. Wepesi wanabaki, wazito wanakwenda nyumbani kusaidia mama zao. Watu husema nina jicho, nami sijawahi kuwabishia. Saa ile niliitia kwenye mkoba, pamoja na bagia na kanga mbili.

Jumapili, mwanzo wa likizo ya katikati ya mwaka, nilipanda ndege Dar es Salaam. Safari yenyewe siwezi kuisimulia sawasawa maana sehemu kubwa sijui kama niliiona au niliiota. Usiku uliingia, ukatoka, ukaingia tena kabla sijaumaliza usingizi wa ule wa kwanza. Kila nikifumbua macho kulikuwa na mtu ananipa chakula. Kuna wakati nilichungulia dirishani nikaona mawingu yametandazwa chini yetu kama pamba iliyoanikwa, na jua jekundu limekaa pembeni, halichomozi wala halizami. Nikasema moyoni, hapa ndipo siku zinapohifadhiwa kabla hatujapewa.

Jumanne asubuhi nilitua Sydney. Hemedi alinipokea amevaa koti zito na tai, nadhifu kama siku zote. Alikuwa ameomba ruhusa kazini, jambo ambalo wifi yangu Zuhura alinieleza baadaye kuwa halitokei. Mdogo wangu anafanya kazi katika ofisi katikati ya jiji, na treni yake ni ile ya saa moja na nusu asubuhi. Miaka kumi na moja haijawahi kumwacha. "Hata siku niliyojifungua mdogo wake Salma," Zuhura alisema, "alinifikisha hospitali, akaangalia saa, akaniambia nijitahidi."

Tulipita Merrylands, mtaa ulioko njiani, kununua unga wa sembe na nyama ya halali. Nilisimama nje ya duka nikiwa nimelewa usingizi, nikawaona akina mama wa kila taifa wakisukuma vitoroli, na mmoja akanisalimu kwa Kiswahili cha Kongo bila kunijua. Nilimjibu, kisha nikajiuliza kama kweli nimemjibu.

Penrith ni nyumba za chini zenye ua, nyasi, na ukimya mwingi. Upande wa magharibi kuna milima, nayo ni ya buluu kweli. Juni kwao ni baridi ya kutoa moshi mdomoni. Kasuku weupe wakubwa kama kuku hutua uani wakipiga kelele za ugomvi. Salma alitoka mlangoni, mfupi, mpana wa mabega kama marehemu bibi yake, akanishika mkono akainama. "Shikamoo, shangazi." Nikafurahi. Kumbe hicho ndicho Kiswahili anachokitoa bila kusukumwa. Kingine anakisikia chote, ila hujibu kwa Kiingereza.

"Umechoka, mwanangu? Unaonekana umekonda."

"I'm good, Shangazi. Coach makes us run heaps."

Jikoni, Hemedi alininong'oneza. "Dada, sisemi ni mchezo mbaya. Lakini, you know, huu ni mwaka wa exams. Na magoti yao yanakatika hawa wasichana, nimeona kwa macho. Mwambie leo."

"Leo sijui hata kama ni mchana," nilimjibu. "Nitasema baada ya Jumamosi. Siwezi kuhukumu kitu ambacho sijakiona."

Alhamisi saa tisa unusu alasiri, Salma alinipeleka uwanjani. Wenyeji wanauita mchezo wao futi. Uwanja wake ni wa mviringo kama sinia, mkubwa kiasi kwamba mtu wa upande wa pili ni kitone tu. Kila mwisho kuna milingoti minne mirefu imesimama bila nyavu, bila mwamba wa juu. Mpira wenyewe una umbo la papai. Ukidunda haujui unakwenda wapi, na anayeukimbilia hajui pia. Wachezaji wanaupiga kwa mguu, wanaudaka, wanauchapa kwa ngumi kumpa mwenzao. Salma alikuwa amevaa suruali ndefu ya kubana chini ya bukta, na ushungi mfupi aliouchomeka ndani ya fulana. Magharibi mwa Sydney watu wengi ni wa ragbi. Futi ina wenyewe wachache, ndiyo maana wanapenda mgeni aulize.

Niliuliza mengi. Kocha wao, mama wa makamo aitwaye Meg, ambaye pia ni mmoja wa wanaochagua kikosi cha jimbo, alinikaribisha kwenye benchi akanimiminia chai ya chupa. Alinieleza kwamba mpira ukipita kati ya milingoti miwili ya ndani ni pointi sita. Ukikosa, ukapita kati ya wa ndani na wa pembeni, unapewa pointi moja.

"Kwa kukosa?" nikamuuliza.

"Kwa kukosa karibu," akasema.

Nilicheka mpaka chai ikanimwagikia. Mchezo unaomlipa mtu kwa kukosa! Kwetu ukikosa unazomewa, na mwalimu wa kwanza kuzomea ni mimi.

Meg aliposikia kazi yangu aliniuliza, mwalimu kwa mwalimu, ningemchagua nani. Sikuhitaji hata saa. Nilimwonyesha msichana mrefu aitwaye Ruby, ambaye alipokimbia, nyasi hazikuwa na habari.

"Na huyu wako?"

"Ana moyo," nikasema. "Lakini mzito kidogo."

Meg aliitikia taratibu. Akaniambia, kwa Kiingereza cha polepole ili nisipitwe, kwamba mbio kila mtu anaziona. Yeye anatazama vitu vingine. Mpira ukiwa juu unashuka, na msichana anarudi kinyumenyume kuudaka bila kujua nani anamjia nyuma yake, je, anaendelea kuutazama mpira au anatazama atakapoangukia? Je, ana miguu miwili au mmoja? Adui wakigundua kwamba una mguu mmoja wanakusukuma upande wa mguu mbovu siku nzima. "Na zaidi ya yote," akasema, "namtazama akishaharibu. Pale anapotoka kuharibu, kabla hajajua kama kuna anayemwona."

Nilimsikiliza kwa heshima, lakini nilikuwa na jibu langu. Jua lilikuwa linashuka nyuma ya ile milima ya buluu, na wasichana wakawa vivuli virefu vinavyoitana majina kutoka mbali. Nikasinzia nimekaa, na ndani ya usingizi bado nilisikia mpira ukipigwa.

Jumamosi saa tatu asubuhi majaribio yalianza. Saa yangu ya moyoni ilikuwa saa nane za usiku wa Tanga, na hiyo ndiyo sababu mambo ya siku ile nayakumbuka yakiwa na ukungu pembeni. Ukungu wa kweli pia ulikuwepo, umelala juu ya nyasi hadi magotini. Wasichana walikimbia wakiwa kama hawana miguu. Hemedi alisimama kando yangu na mikono mfukoni.

Mpira mmoja ulipigwa juu sana, ukapotelea kwenye mwanga. Salma akaanza kurudi kinyumenyume. Nilimwona msichana mwingine, jitu la mtu, anamjia kutoka nyuma kwa kasi, na Salma hamwoni. Nilitaka kupiga kelele, sauti ikagoma kama inavyogoma ndotoni. Hakugeuza shingo. Aliudaka, wakagongana, wakaanguka, na alipoinuka mpira ulikuwa bado kifuani pake. Hemedi alitamka jina la Mungu taratibu. Mimi machozi yalinitoka, na sioni aibu kusema.

Lakini baada ya hapo walimgundua. Kila akipata mpira walimbana ageukie kushoto, na kushoto kwake hakuna mguu pale, kuna gogo. Mara ya kwanza mpira ukatoka nje. Mara ya pili ukaenda moja kwa moja mikononi mwa adui, wakaupeleka mbele, wakafunga pointi sita. Nikamtazama Salma. Hakushika kiuno, hakutazama benchi la makocha. Alikuwa ameshaanza kumkimbiza yule aliyeuchukua, na aliendelea kumkimbiza hadi mwisho wa uwanja, ingawa mzito hawezi kumfikia mwepesi. Alifika goli limeshaingia. Akauokota mpira, akampa refa, akarudi kwenye nafasi yake.

Jumapili baada ya adhuhuri majina yalikuja kwenye simu. Ruby alikuwemo. Salma hakuwemo. Jicho langu lilikuwa halijakosea, na nawaambieni ukweli, sikupata raha yoyote. Meg alikuwa amemwandikia mstari mmoja wa ziada: mguu wa kushoto, rudi mwezi wa kumi na moja tukuone tena. Salma alisoma, akasema "It's okay," akaingia chumbani akafunga mlango.

Hemedi akanigeukia. Uso wake ulikuwa na huruma na nafuu kwa pamoja. "Mungu ameamua, dada. Mwambie sasa, wakati moyo wake uko laini. She will listen."

Alikuwa na haki. Chuma hupigwa kingali moto, na mimi nimepiga vyuma vingi vya watoto wa watu. Nilimwambia nitasema asubuhi.

Jumatatu, weupe wa kwanza ulipoingia dirishani, nilisikia kitu kinagonga nje. Kinagonga, kinanyamaza, kinagonga. Nilijifunga kanga juu ya sweta, nikavaa mabuti ya mpira ya Hemedi, nikatoka. Uani nyasi zilikuwa nyeupe kwa jalidi, umande ulioganda. Salma alikuwa anapiga mpira kwenye mlango wa gereji, kwa mguu wa kushoto. Mmoja ulikwenda kwenye mapipa ya taka. Mwingine ukaruka juu ya bomba la maji. Anaufuata, anaurudisha, anapiga. Macho yalikuwa yamevimba kwa kilio.

Nilikuwa na methali tayari mdomoni, ile ya koleo na uhunzi, ya kumwambia mtu aache asichokiweza, na nyuma ya methali nilikuwa na lile neno nililovuka bahari kulileta. Mpira ukaja ukasimama kwenye buti langu. Nikauokota.

"Shangazi, sorry. Nimekuamsha?"

Nilimtupia. Akapiga, ukaenda upande. Nikaufuata, nikamtupia tena. Kuna mara moja uliugonga mlango katikati kabisa, kwa sauti nzito tofauti na nyingine zote, na sote wawili tukatazamana kama wezi.

Hemedi akatoka na tai yake, mfuko wa chakula mkononi. Alinitazama, mwalimu mzima mwenye matope hadi kwenye kanga.

"Dada. Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Umemwambia nini?"

"Apige tena."

Alifungua mdomo, nami sikumpa nafasi. "Uliniita niseme, sasa nasema. Mitihani ataifanya, na matokeo ataniletea mimi Tanga, si wewe. Akishuka, nitakuja kuuchoma huo mpira kwa mkono wangu. Lakini mpaka mwezi wa kumi na moja atapiga kila asubuhi, na mtu wa kuuokota ni wewe. Mimi naondoka, nani atauokota?"

"Dada, nina treni."

"Ninaijua treni yako."

Salma alisimama na mpira kiunoni, anatutazama mmoja baada ya mwingine. Hemedi akaangalia saa. Akauweka mfuko wake juu ya pipa, taratibu, akasogea karibu na gereji. Aliuokota mpira mara tatu, akakimbia kituoni.

Wiki iliyofuata nilirudi nyumbani, na ndege ikanipitisha tena pale mahali zinapohifadhiwa siku. Kwenye mkoba nilikuwa na mpira wa papai, zawadi ya Meg.

Shule zilipofunguliwa nilichora mstari kama kawaida, wasichana wakajipanga. Saa ya mbio niliiacha kwenye droo ya ofisi. Niliwapa ule mpira wa ajabu, nikawaambia waudake ukidunda. Wote walikosa. Wakacheka wakaanguka. Mimi nilisimama pembeni nikitazama kile ambacho kwa miaka ishirini na mbili sikukitazama, yaani nani anakwenda kuufuata. Nimejifunza kwamba mbio za mtoto nilikuwa nazipima vizuri, ila nilikuwa naizima saa mapema mno. Nimewakumbuka wengi niliowarudisha kwa mama zao. Baadhi yao sasa wana watoto hapa hapa shuleni, na wananiamkia vizuri tu.

Jana, nikiwa nakunywa chai, ujumbe wa Hemedi uliingia. Hakukuwa na salamu wala habari za hali ya hewa. Aliandika, "Dada, leo treni imeniacha."