Dawa Haishukuriwi

Mwaka ule tulipohamishiwa kijijini, kwenye nyumba za mstari mmoja, nililala mkekani nisitake kuamka. Homa sina. Chakula hakipiti, na machozi yananitoka hata nikipepeta mpunga. Zahanati walinipa vidonge vya kuongeza damu. Balozi wa nyumba kumi akaniita mvivu, maana kwenye shamba la ujamaa sionekani. Mvivu! Mimi niliyebangua korosho tangu sijang'oka meno ya utoto!

Mwanangu wa kwanza tulimzika kule mahameni, kwenye makazi yetu ya zamani, kando ya mikorosho yetu. Niliona nimemtupa porini peke yake. Mume wangu akachoka nami: "Ukiendelea hivi nitakurudisha kwenu, na huyu mdogo atabaki hapa." Mdogo alikuwa bado ananyonya. Niliogopa, lakini hata hofu haikuninyanyua.

Mama mkwe yeye alishika njia. Kila Jumatatu asubuhi alirudi mahameni kwa miguu, akaja na mizizi ndani ya kanga. Akaichemsha, akaniletea kikombe cha bati kimejaa. Kwa uchungu, shubiri haioni ndani! Siku ya kwanza nilitaka kushukuru, akanikaripia.

"Nyamaza! Dawa haishukuriwi. Ukishukuru inakataa."

Basi nikawa nanywa kimya, wiki baada ya wiki. Sijui ni mizizi au ni ule mkono ulioileta, ila asubuhi moja niliamka nikafagia uwanja. Nikaenda jikoni kurudisha kikombe. Nikamkuta mama mkwe anakamua makapi ya mizizi yangu kwenye kata, anakunywa, mashavu yamelowa machozi.

"Mama, na wewe?"

"Na mimi nini? Kule nimezika watano."

Wallahi niliona aibu. Muda wote ule ananipa mimi maji yenyewe, yeye anabaki na makapi, na mimi sijamwuliza hata siku moja ameamkaje.

Jumatatu iliyofuata nilimwomba anionyeshe mzizi wenyewe, nikamwambia yeye abaki nyumbani. Nikambeba mdogo mgongoni, nikaenda. Nikachimba, kisha nikajikaza nikapita kaburini kwa mwanangu. Nilitarajia magugu. Lilikuwa limepaliwa na kufagiliwa, sawasawa na yale matano ya pembeni.

Niliporudi nilichemsha, nikajaza kikombe, nikampelekea kwa mikono miwili. Alikinywa chote. Akanitazama, akanirudishia kikombe, na hakusema asante.