Pampu ya Mashine ya Mama

Jirani yangu Skrubu si mtu wa maneno. Mimi nauza nyaya na plagi, yeye anauza vipuri vya mashine zilizokufa, ukuta wetu ni mmoja, na siku nzima inaweza kupita bila kunijibu zaidi ya "ehe". Zamani hakuwa hivyo. Alikuwa na mdomo huyo, we acha tu!

Mtaa wetu wote ni vipuri vya mitumba. Hakuna anayejua mwenzake ana nini. Ukitaka kitu unauliza jirani, naye anauliza jirani zake wote, na hao vilevile. Basi asubuhi ile pampu ya mashine ya kupumulia ya mama yake ilipokufa, Skrubu alikuja mbio akauliza kila kibanda. Mama alibaki nyumbani na mtungi wa oksijeni wa kuazima, ambao usingevuka jioni.

Kabla ya adhuhuri mtaa mzima ulikuwa unaulizana pampu. Wa juu anamuuliza wa chini, wa chini anamuuliza wa juu, vurugu tupu. Mtu mmoja, sura ngeni, alichungulia kwa Skrubu mwenyewe. "Kaka, una pampu ya mashine ya kupumulia? Kuna mtu ana mama mgonjwa."

Skrubu akamjibu, "Sina."

Kumbe pampu ilikuwepo! Fundi redio wa uchochoroni alimwambia aliyemuuliza, "Ninayo, njooni." Lakini huyo hakukumbuka ni nani aliyemtuma, jibu likakwama hapo hapo. Mama alifariki jioni. Pampu ililetwa siku tuliyotoka kuzika. Skrubu akaipokea, akaifuta, akaiweka rafuni. Hakulia. Niliyelia ni mimi, tena kwa hasira, nikawatukana wote na mimi mwenyewe nikiwemo.

Tangu hapo anatafuta kwa njia yake. Anamwendea mtu mmoja tu, yule aliyewahi kumpatia kitu cha aina anayoitafuta. "Anayetafuta ni mimi, Skrubu. Kama huna, muulize mmoja unayemwamini, na umtajie jina langu. Nikipata nitapita kuwaambia muache." Mwanzoni tulimcheka, tukasema msiba umemvuruga. Sasa mtaa mzima unafanya hivyo, na kitu kinapatikana chai haijapoa. Nikimsifu, ananijibu, "Ehe."

Ila lile swali la zamani halikuwa na jina wala mwisho, likabaki kuzunguka masokoni. Juzi akaja dada mmoja kutoka soko la ng'ambo, tusiyemjua, jasho linamtoka.

"Shikamoo mama. Kaka, habari za kazi? Kuna mtu anatafuta pampu ya mashine ya kupumulia, mama yake yuko hoi. Hamna hapa?"

Nikafungua mdomo. Skrubu akaniwahi.

"Nani anayetafuta?"

"Hata sijui, kaka. Nimeambiwa tu niulize."

Akanyoosha mkono rafuni, akaigusa pampu, vidole vikatoka na vumbi.

"Mwambie aliyekutuma, naye amwambie aliyemtuma, hivyo hivyo mpaka mwisho. Imepatikana. Waache kumtafutia."

Yule dada akashusha pumzi, uso ukamchangamka. "Afadhali jamani! Mama wa watu atapona."

"Ehe," akasema Skrubu.