Fundi Upepo na Neno Alilolikosa

Fundi Upepo hakuzaliwa na masikio mazito. Ni kazi iliyomla masikio, kidogo kidogo, kama panya anavyotoboa gunia: hujui mpaka uone nafaka sakafuni. Karakana yake ya matairi ilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa bati. Kompresa ilikaa kona ya nyuma ikinguruma kutwa, na kutoka hapo ulitambaa mpira mweusi wa upepo hadi kwenye mashine ya kuvulia matairi. Katikati ya ngurumo ile, na vishindo vya nyundo kwenye rimu, alijenga nyumba, akamsomesha binti yake wa pekee, na akapoteza masikio.

Mwenyewe alikana katakata.

"Masikio yangu mazima," alikuwa akisema. "Nyinyi ndio mnaongea kama mmejaza pamba mdomoni."

Akiambiwa jambo asilolisikia, alitikisa kichwa, akasema, "Sawa, sawa," na kuendelea na kazi. Sawa yake iliwachekesha watu sana. Siku moja mteja alimwuliza kama tairi lake bado lina uhai, naye akajibu, "Sawa, wasalimie nyumbani."

Aliyemvusha katika hayo yote ni mkewe. Alikuwa mwanamke mwembamba, mcheshi, mwenye kicheko kinachoanzia puani. Alikaa kwenye stuli karibu na mlango, akipokea wateja na kuziba pancha za baiskeli. Alikuwa na lugha yake na mumewe: kidole begani, kuna mteja; kiganja mgongoni, pumzika ule. Mpira wa upepo ukivuja, yeye ndiye aliyesikia. Aliuinua, akausogeza shavuni, akaufuata taratibu mpaka mahali penyewe, kisha akapabonyeza kwa kucha.

"Hapa, Baba. Panalia hapa."

Fundi alipaka povu la sabuni ili ajiridhishe, na vipovu vikachomoza palepale.

"Twende basi kwa daktari wa masikio," mkewe alimwomba, mwaka nenda mwaka rudi.

"Nina wewe. Daktari wa nini?"

"Haya. Sikio la kufa halisikii dawa," alijibu mkewe, kisha kicheko chake cha puani kikafuata, na mambo yakaishia hapo.

Ugonjwa ulimjia yule mama kwa uchovu. Kwanza stuli ilimchosha, baadaye ngazi za nyumbani, baadaye hata kijiko. Wakamlaza hospitali. Mwili ulipungua, lakini kilichotangulia kuondoka ni sauti. Kwa wengine ilikuwa imebaki mnong'ono; wakiinama wanaupata. Kwa fundi haikubaki kitu. Aliona midomo ikicheza, basi. Alikaa kando ya kitanda, ameshika mkono wa mkewe, na kila midomo ile ilipocheza alitikisa kichwa kwa upole na kusema, "Sawa, mama. Sawa."

Mchana mmoja, binti alipotoka kwenda kujaza chupa ya maji, mgonjwa alimwashiria mumewe asogee. Fundi akainama. Alihisi pumzi ya mkewe sikioni, yenye joto, ikija kwa mapigo mafupi mafupi. Halikuwa neno moja. Lilikuwa jambo refu, lenye mapumziko katikati, na mwisho wake sauti ilipanda kidogo, kama mtu anayeuliza. Hilo alilijua kwa jinsi pumzi ilivyogeuka. Mkewe akamtazama usoni, akingoja.

Fundi akatikisa kichwa. "Sawa, mama," akasema. "Sawa kabisa."

Mkewe akafumba macho. Uso wake ulilegea, kama mtu aliyetua mzigo. Binti aliporudi na maji, mama yake alikuwa ameshaondoka.

Msibani, watu walipokuwa wamekaa kwenye mikeka, dada wa marehemu alimkabili shemeji yake. Dada huyu alikuwa ndiye mkubwa. Ndiye aliyemlea marehemu.

"Shemeji, wewe ndiye uliyekuwa naye mwisho. Mdogo wangu alisema nini?"

Aliuliza kwa sauti kubwa ili fundi asikie, hivyo kila mtu akasikia.

"Alisema," fundi akaanza. "Alisema, ila mimi sikusikia."

"Hukusikia, au hutaki kutuambia?"

"Sikusikia, shemeji. Aliniuliza jambo, nikamwambia sawa. Sijui nimekubali nini."

Dada akainuka, akajitanda mtandio wake, akaenda kukaa upande mwingine wa uwanja. Walipomaliza matanga aliondoka bila kumuaga, na tangu hapo akawa anampigia simu binti tu.

Fundi alirudi kazini kwa sababu hakujua mahali pengine pa kwenda. Kichwani alikuwa akilipindua jambo lile kama rimu lisilokaa sawa. Labda aliomba azikwe kwao. Labda alimtaka amtunze binti, au asioe tena, au aoe. Labda aliuliza kama yeye mumewe atakuwa salama. Kila jibu lilifaa, na hakuna lililokuwa la kweli. Akikosea kuingiza tairi alilipiga nyundo mpaka wateja wakarudi nyuma.

Binti ndiye aliyemchukua kwa daktari wa masikio. Hakubembeleza, alikuja asubuhi, akasema, "Baba, vaa viatu," na safari hii baba yake akavaa. Alipimwa, na baadaye akapewa vifaa viwili vidogo vya kuvaa masikioni, kila kimoja ukubwa wa punje ya hindi. Njiani kurudi alishtuka kila hatua. Kumbe viatu vyake vilikuwa vinalia. Kumbe binti yake, akimaliza kusema, huvuta pumzi kidogo kama mama yake.

Kesho yake aliwasha kompresa na kukimbilia nje, mikono masikioni. Tangi lake lilipojaa nayo ikanyamaza, alirudi ndani. Dereva wa teksi alikuwa amesimama pale na gurudumu lililopasuka. Fundi akalipakia kwenye mashine, akaweka mguu kwenye pedali, kisha akasita.

Kulikuwa na sauti. Nyembamba, isiyokoma, kama mtu anayemnyamazisha mtoto. Ssss.

Aligeuka huku na huku. Akapiga magoti, akaushika mpira wa upepo, akaufuata toka kwenye tangi, mkono kwa mkono, sikio karibu na sakafu. Sauti ilikua. Shingoni, pale mpira unapoingia kwenye mashine na kujikunja kila pedali inapokanyagwa, ndipo ilipokuwa.

"Panalia hapa," alisema.

"Heee! Fundi, leo umesikia mwenyewe!" dereva alipiga makofi kwa furaha. Alikuwa mteja wa siku nyingi, na hakuwa na nia mbaya hata chembe. "Hongera! Angekuwepo mama angecheka mpaka aanguke!"

Fundi alifunga koki ya tangi. Akakanyaga pedali mpaka upepo uliobaki ukaisha. Akalegeza klipu kwa bisibisi na kuuchomoa mpira; ncha yake ilikuwa imechanika nyufa ndogo, kama kisigino kikavu. Akaikata kwa kisu, mkato ulionyooka, mpaka akafika kwenye mpira mzima. Akaichovya ncha mpya kwenye maji ya moto ili ilainike, akaisukuma juu ya kiungo cha shaba mpaka ikafika mwisho, akarudisha klipu na kuikaza. Kwa kuwa mpira ulikuwa umepungua urefu, aliusogeza ukutani na kuufunga kwa kamba, ili uingie kwenye mashine kwa mpindo mpana, usijibane tena. Mikono ilifanya yote hayo bila kukosea. Machozi yalikuwa yakimdondoka juu ya shaba, naye akiyafuta kwa kiwiko na kuendelea.

Akafungua koki taratibu. Akainama, akasikiliza.

Kimya.

Hapo ndipo alipokaa chini, mgongo kwenye mashine, akalia kwa sauti ambayo dereva hakuwahi kuisikia kwa mwanaume mzima. "Upepo nausikia," alisema. "Upepo! Na yeye alinisemesha hapa, sikioni hapa." Dereva akavua kofia. Baadaye akachuchumaa karibu naye. Fundi alipomaliza kulia alinawa uso kwenye beseni la kupimia pancha, akavua tairi lile, akavalisha jipya.

Hivi sasa anafanya kazi na vifaa vyake masikioni, na wateja wamepoteza cha kuchekea. Shemeji yake alikuja mara moja, akala, akaosha chombo chake, akaondoka. Jambo lile hawakuligusa. Lakini akifika nyumbani, fundi huvitoa vifaa na kuviweka mezani kabla hata ya kuvua viatu.

"Baba, daktari alisema uvivae kutwa," binti alimwambia siku moja, akipaza sauti.

"Nikiwa sina, nyumba imenyamaza kwa sababu mimi sisikii," alisema baba yake. "Mtu anaweza kuwa chumbani anaongea. Nikivaa, najua hakuna mtu."

Binti alivichukua vile vifaa, akavipangusa kwa ncha ya nguo yake, akavirudisha kwenye kikasha chake. Halafu akaenda jikoni kumwekea baba yake maji ya kuoga.