Mashine ya Mama Yake Georgette

Mama Florentine, fundi wa nguo wa hapa mjini Baraka, Kongo, ana mdomo mkali kuliko sindano yake, na anayeusikia zaidi ni mashine yake ya kushona. Kila ikifika kwenye kona ya nguo, huruka mshono mmoja. "We mashine, kichwa ngumu!" huiambia, kisha huchukua sindano ya mkono na kuziba pengo. Mimi ni jirani na mteja wake. Gauni langu la Noeli lina mishono minne ya mkono, na nisingejua kama asingenionyesha mwenyewe.

Mashine hiyo aliipata mwaka aliporudi kutoka ukimbizini Tanzania, mikono mitupu, na watoto watatu. Mji wetu una undugu na mji mmoja mdogo wa Ubelgiji, ule undugu ambao ofisini huitwa jumelage, na watu wa huko walikuwa wametuma mashine kuukuu za kushonea. Ya Florentine ilikuja na kikaratasi: "Ilikuwa ya marehemu mama yangu. Ikusaidie. Georgette." Kwa mashine hiyo amelisha watoto, amewasomesha, ameezeka nyumba kwa bati. Kanisani humwombea Georgette kabla ya dada zake wa damu, na dada zake wamekwisha kununa.

Mwaka juzi Bonaventure, katibu wa kamati ya undugu huo, alikuja kibarazani na habari.

"Mama Florentine, kule kwa bandugu yetu muto umefurika. Georgette iko muzima, lakini maji ilibeba vitu vyote vya nyumba. Hata picha moja ya mama yake haikubakia."

Florentine aliifuta mashine, akaitia mafuta, akaifunga kwa kitenge chake kizuri kuliko vyote.

"Irudi kwake."

"Na we utakula nini?"

"Siku nilirudia mikono mitupu, ye aliniuliza vile? Mwandikie."

Siku tano mashine ilikaa imefungwa, na wateja wakarudi na vitambaa vyao. Mimi nilimwona mjinga, nasema kweli, na nikamwambia. Siku ya sita Bonaventure akaja na jibu la Georgette kwenye simu yake.

"Anasema mashine ikae kwako. Ingekuwa kule, maji ingeibeba nayo. Anaomba tu umushonee kitu, madirisha yake iko wazi."

Florentine alilia bila kujificha, huku akilifungua lile fundo. Kitenge kilekile akakikata mapazia. Alishona polepole, akaziba kila mshono ulioruka, maana hakutaka aibu yake ifike Ulaya. Mzigo ukaondoka na mgeni aliyekuwa anarudi huko.

Mwezi uliofuata picha ikaingia kwenye simu ya Bonaventure: mama wa Kizungu mwenye mvi, amesimama dirishani, kidole kimegusa kona ya pazia. Florentine akaikuza picha. Hapo kwenye kidole, mshono mmoja ulikuwa umeruka, naye hakuuona alipokuwa anaziba. Akajishika kichwa.

"Ngoja, ameandika," Bonaventure akasema, na sauti yake ikapungua. "Anasema: Mama yangu aliigombezaka mashine ile kwa kona hii hii. Leo nimemuona tena."