Kulishusha Gitaa mpaka Do

Mwimbaji wetu ni mwanamke, askari wa trafiki. Siku za kazi anasimama katikati ya makutano ya barabara amevaa sare nyeupe, akisimamisha malori kwa kiganja kimoja. Jumamosi alasiri anavua sare, anavaa jinzi na fulana nyeusi, anakuja Nateete, hapa Kampala, kuimba muziki wa roki pamoja na sisi watatu. Mimi napiga gitaa. Mpiga ngoma ni mwalimu wa shule ya msingi. Mpiga besi ni seremala, na chumba cha mazoezi ni stoo yake ya mbao nyuma ya karakana, ndiyo maana kila tukitoka pale tunakung'uta vumbi la mbao nyweleni.

Lugha yetu ni Kiswahili. Mimi nilikuja nacho kutoka Bukavu. Mwimbaji alikulia nacho katika kambi ya polisi, baba yake akiwa polisi kutoka kaskazini. Mwalimu alirithi chake kwa baba mwanajeshi. Seremala ni Muganda, husema maneno machache kwa lugha yoyote ile, kwa hiyo Kiswahili chake kinamtosha. Mwimbaji namwita afande, kama raia wote wanavyomwita. Yeye ananiita fundi, kwa kuwa siku nyingine zote natengeneza simu katika kibanda karibu na stendi ya teksi.

Nyimbo zetu karibu zote nilizitunga mimi, na zote zilikuwa katika ufunguo wa mi. Uzi mnene kuliko wote wa gitaa, ukiupiga bila kuubonyeza popote, unatoa mi, na hapo ndipo gitaa la roki linapounguruma vizuri. Nilikuwa natunga mapigo ya gitaa kwanza, kisha nampa yeye atafute pa kuimbia. Alipatafuta juu. Alikuwa akipanda mpaka noti ya si, akaishikilia pale, na wanawake waliokuwa wakipanga ndizi upande wa pili wa ukuta walinyamaza kumsikiliza. Sikuwahi kumuuliza kama kule juu anapapenda. Aliweza, basi nikampa.

Halafu akaota uvimbe shingoni. Mwanzoni tulidhani amenenepa. Akaenda hospitali ya Mulago, akaambiwa ni tezi, na kwamba inafaa itolewe. Daktari alimweleza waziwazi kwamba mishipa ya sauti inapita karibu sana na pale, na kwamba sauti inaweza kubadilika hata kama kila kitu kitakwenda sawa. Kila kitu kilikwenda sawa. Nilimtembelea siku ya tatu, nikamkuta amekaa kitandani na bandeji shingoni, akinywa uji. Aliniandikia kwenye simu yake: "Ngoja."

Tulingoja mwezi mmoja, ukaja wa pili. Alirudi kazini kabla hajarudi kwetu, kwa sababu trafiki anaweza kufanya kazi kwa filimbi na mikono. Aliponipigia simu sikumtambua. Sauti ilikuwa nzito na kavu, kama ya mwanamume aliyeamka sasa hivi.

Hapa nasema jambo ambalo sijivunii. Mwalimu alikuja kibandani kwangu siku moja baada ya shule, akakaa kwenye kiti cha wateja, akasema, "Fundi, tutakaa hivi mpaka lini? Kuna msichana anaimba kwaya kule kanisani kwetu. Anafika si bila jasho."

"Na afande?"

"Afande ni mgonjwa. Hakuna anayemfukuza. Tunamjaribu tu huyu."

Nilijua kwamba maneno hayo hayakuwa ya kweli. Nikasema sawa.

Msichana alikuja Jumamosi. Alikuwa na heshima na alikuwa amejifunza nyimbo zote. Alipofika kwenye si, aliigusa kwa wepisi kabisa, nami nikafurahi, kwa sababu mapigo yangu yalikuwa mahali pake na sikuhitaji kubadilisha chochote. Tulikuwa katikati ya wimbo wa pili mlango uliposukumwa. Afande aliingia amejifunga kitambaa cha kijani shingoni. Vidole vyangu vilisimama, lakini yeye akanipa ishara ya mkono, ile ile anayowapa madereva: endelea. Akakaa juu ya rundo la mbao, akasikiliza mpaka mwisho, akapiga makofi.

"Unaimba vizuri," alimwambia msichana. "Walikwambia kama hapa kuna mtu mwingine?"

Msichana alitutazama sisi. Akachukua mkoba wake, akamwinamia afande kidogo kama wanavyofanya wasichana wa Kiganda mbele ya mkubwa, akaondoka. Nilimfuata wiki ile nikamwomba radhi. Alinisikiliza amesimama, akasema ameelewa, na hakunikaribisha ndani.

Tulipobaki wanne, nilitaka kusema kitu. Afande alinikatiza. "Mimi sikuja kugombana. Nilikuja na kazi."

Alitoa daftari dogo la shule. Kwa wiki sita, kila asubuhi kabla ya zamu, alikuwa amefungua kinanda kilichomo ndani ya simu yake, akaimba noti moja moja kwenda juu mpaka inapokatika, kisha kwenda chini mpaka inapozama. Aliandika kila siku inapoanzia na inapoishia. Kurasa za kwanza zilikuwa zikipandapanda na kushuka. Za mwisho zilikuwa zinasema kitu kile kile: juu, sol. Noti ya la ikitoka ilitoka imepasuka. Chini, alikuwa amepata noti tatu ambazo hakuwa nazo zamani.

"Nimeona haitarudi," alisema. "Daktari alisema inaweza rudi, inaweza kosa. Mimi nimeona. Sasa sauti yangu iko hapa mpaka hapa. Gitaa ndiyo itashuka."

"Afande, nyimbo zote ziko katika mi," nikasema.

"Nani aliziweka huko?"

Seremala alicheka peke yake nyuma ya besi. Nikachukua daftari, nikaenda nalo nyumbani.

Hesabu yenyewe ilikuwa rahisi. Kutoka si kushuka mpaka sol ni hatua mbili kamili, basi nyimbo za mi ziende do. Ugumu ulikuwa katika gitaa. Do ipo kwenye gitaa la kawaida, lakini ukitaka kuipiga huko inabidi ubonyeze, na ngurumo ya ule uzi mnene unaoachwa wazi inakwisha. Nilijaribu kutumia kibano, kile kifaa ambacho wapiga gitaa hukibana kwenye shingo ya chombo ili kupandisha nyuzi zote kwa pamoja. Lakini kibano hakijui kushusha. Ili nipate do kwa mkono ule ule ilinibidi nikiweke mbali sana shingoni, na gitaa likalia kama kinanda cha mtoto. Mwalimu alilipa jina, "gitaa ya nasari".

Basi nikalegeza nyuzi zenyewe, zote sita, hatua mbili chini. Zikalegea kama kamba ya kuanikia nguo. Ule mnene ukawa unagongagonga vyuma vya shingo kila nikiupiga, na sauti ikitetemeka huku na huku kabla haijatulia. Mjini kuna duka la vyombo vya muziki. Nikanunua huko nyuzi nene kuliko zote walizokuwa nazo. Zilipofika kichwani mwa gitaa hazikuingia. Pale mwisho wa shingo kuna kipande chembamba cheupe chenye mifereji sita, kila uzi unapita katika mfereji wake. Nikachukua tupa kupanua mifereji, na nilipofika mfereji wa pili, kipande kikakatika vipande viwili mkononi mwangu.

Niliketi nikikitazama. Siku hiyo nilifikiri kumpigia afande nimwambie haiwezekani. Lakini nilikumbuka lile daftari, asubuhi zote zile kabla ya zamu, nikaona aibu kushindwa na kipande kisichofika urefu wa kidole. Nikaenda kwa seremala.

"Mfupa," alisema, baada ya kukigeuzageuza. "Paja ya ng'ombe."

Tulinunua mfupa kwa muuza nyama wa pale sokoni. Tuliuchemsha mpaka mafuta yakatoka, tukauanika juu ya bati kwa siku kadhaa tukiufunika kwa wavu, mbwa wasiuone. Seremala akaukata kwa msumeno mdogo, mimi nikausugua kwa msasa. Kipande cha kwanza kilikuwa kifupi mno. Cha pili kilipasuka. Cha tatu kikakaa. Nikaweka nyuzi nene, nikakaza kile chuma kilichofichwa ndani ya shingo ya gitaa mpaka shingo ikanyooka, nikaupiga ule uzi mnene. Ulitoa do safi, nzito, na misumari katika kopo la seremala ikatikisika.

Nilidhani kazi imekwisha. Jumamosi iliyofuata tukapiga wimbo wa kwanza katika do. Afande aliimba ubeti mmoja, akasimama.

"Fundi, nasikia gitaa. Mimi mwenyewe sijisikii."

Nikapunguza spika. Tukarudia. Akatikisa kichwa.

"Bado umenikalia."

Tulirekodi kwa simu. Jumapili nikasikiliza kibandani na vipokea sauti masikioni, na nikasikia alichokuwa anasema. Zamani yeye alikuwa juu na mimi chini, kila mtu na nafasi yake. Sasa alikuwa ameshuka, na mimi nikashuka hadi pale pale. Kila neno lake liliangukia kwenye uzi wangu mnene likapotea humo. Nilikuwa nimemletea gitaa mahali alipo, kisha nikamfunika nalo.

Dawa yake haikuwa katika duka lolote. Ilibidi niache kupiga. Yaani, anapoimba, mkono wangu utoke kwenye nyuzi nene, upande shingoni kwenye zile tatu nyembamba, upige kidogo, kwa kukatakata. Anapovuta pumzi ndipo ule mnene uingie. Kusema ni rahisi. Mkono wangu ulikuwa na miaka mingi ya kunguruma bila kukoma, na kila nikijisahau ulirudi chini wenyewe. Nilifanya mazoezi kibandani bila umeme, kati ya mteja na mteja, nikiisikiliza rekodi yake na kujifunza mahali anapopumua. Mteja mmoja aliyeleta simu yenye kioo kilichovunjika aliniuliza kama nimeumia mkono. Ilichukua karibu miezi miwili. Jumamosi moja tulimaliza wimbo mzima na afande hakusema lolote, akafungua tu chupa yake ya maji akasema, "Twende ya pili."

Wimbo mmoja ulikataa. Ulikuwa na kiitikio kinachopanda kuliko vyote, na hata katika do ulikuwa unapita sol. Mwalimu alimshauri apige kelele tu pale, watu wa roki wamezoea.

"Daktari amekataza kelele," afande akasema. "Na hata bila daktari. Mimi hapo sifiki. Sitajifanya kufika."

"Basi tuuache," nikasema. Nilisema kwa shida, maana niliupenda kuliko zote.

Alifikiri, akinyoosha kitambaa chake. "Hapana. Wewe panda. Mimi nabaki chini, nashika do. Wewe imba kule juu na gitaa yako."

Tukajaribu. Alishika do ya chini, ndefu, bila kutetemeka, nami nikapanda juu yake na ule mwendo wa sauti ambao zamani ulikuwa wake. Ilinijia kwamba kwa miaka yote ile sikuwahi kujua jinsi ngazi ile ilivyo kali. Kila noti ilitaka kidole kishike barabara. Tulipomaliza, mwalimu aliweka vijiti vyake mapajani, akasema yeye ndiye aliyemleta yule msichana na kwamba alikosa.

"Nilijua ni wewe," afande akajibu. "Fundi hana mpango. Tuendelee."

Tulipiga mbele ya watu kwa mara ya kwanza tangu afande apasuliwe, Jumapili moja saa kumi alasiri, Port Bell, katika baa yenye uwanja wa nyasi unaoteremka mpaka ziwani. Watu walikuwa wanakula samaki na watoto wanakimbizana. Afande hakufunga kitambaa siku hiyo. Kovu lilionekana kwa kila aliyetaka kulitazama. Nyimbo mbili za mwanzo, watu walisikiliza kwa adabu. Tulipofika kwenye ule wimbo uliokataa, aliishika do yake na mazungumzo kwenye meza za mbele yakapungua, kisha na za nyuma. Nilipanda. Nilikosea noti moja, na nadhani hakuna aliyejua isipokuwa sisi wanne.

Baadaye mtu mmoja aliyekuwa akitufuata tangu zamani alimwendea afande alipokuwa anakunja nyaya. "Usikasirike, lakini ile sauti ya kwanza ilikuwa tamu zaidi."

"Ile imekwenda," afande akamwambia. "Hii ndiyo iko. Uje tena."

Mtu yule akacheka kidogo, akamsaidia kubeba spika mpaka kwenye gari la seremala. Amekuja tena mara mbili tangu siku hiyo.

Tulikula samaki tukiwa tumekaa kwenye nyasi. Afande alisema wimbo wa tatu ulikuwa na haraka mno, kwamba mwalimu alikimbia na sisi tukamfuata. Mwalimu alibisha, kisha akakubali. Afande akasema tena, akichambua miiba, kwamba daftari lake limeonyesha noti nyingine moja huko chini, na kwamba asubuhi zile ambazo amelala vizuri inatoka bila kulazimishwa.

"Ni si ya chini," akasema. "Gitaa inaweza fika huko?"

Nikamwambia kwa nyuzi hizi, hapana. Zitagonga tena.

"Kuna nyuzi nene kuliko hizo?"

"Labda Nairobi."

"Basi agiza."

Jumanne nilifunga kibanda mapema, nikaenda mjini dukani. Muuzaji alisema zitachukua wiki mbili au tatu, na akaniuliza nazitaka za nini, maana hakuna mtu Kampala aliyewahi kumuuliza nyuzi nene kiasi hicho. Nikamwambia ni za mwimbaji wetu.